Mistari Iliyobishana: Kisa cha Mama Aliyepimwa Mara Nne

Kisa hiki kilipitia katika zahanati ninayofanyia kazi kama muuguzi mkunga, hapa Nakuru. Mama mwenyewe ameniruhusu kukiandika. Jina, mtaa na miezi yenyewe nimeviondoa, na mambo kadhaa ya nyumbani kwake nimeyabadilisha. Siku nimezihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kama tunavyohesabu kliniki. Nilichobakiza bila kukigusa ni mfuatano wa mambo, kwa sababu kosa lenyewe lilijificha kwenye mfuatano huo. Mimi pia sikujiondoa. Kati ya majibu mabaya aliyopewa, lililokaribia kumgharimu zaidi alilipata kwangu.

Usuli

Ni mama wa miaka 29 mwenye watoto wawili. Mdogo ana miaka minne. Anauza viazi na kabichi sokoni. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi malori yanayoshuka kutoka Molo na Mau Narok. Mume ni fundi wa ujenzi, hufuata kazi mbali, wiki tatu huku, mwezi kule. Mama mkwe anaishi nao, na ndiye hukaa na watoto.

Alitumia sindano ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na kwa muda mrefu katika miaka hiyo hakuona siku zake kabisa. Hilo ni la kawaida: baada ya mwaka mmoja wa sindano hiyo, karibu nusu ya wanawake huwa hawapati hedhi. Kisha yeye na mumewe wakakubaliana kutafuta mtoto wa tatu, akaacha kudungwa. Hedhi ilirudi miezi sita baada ya tarehe aliyopaswa kudungwa tena, ikaja mara nne, kwa mapengo ya siku 31, 38 na 29. Mapengo hayo yanayumba, lakini ilikuja.

Kulikuwa na jambo lingine kwenye historia yake ambalo hakuna aliyemuuliza mpaka mwishoni. Miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili alilazwa siku tatu kwa maambukizi ya nyonga. Alitibiwa akapona, akasahau. Mirija ya uzazi huenda haikusahau, maana maambukizi ya aina hiyo huweza kuacha makovu ndani yake, na kovu ni kikwazo kwa yai linalosafiri kwenda kwenye mfuko wa uzazi.

Siku kwa siku

Siku ya 36, Jumatatu. Hedhi haijaja. Akitoka sokoni alipitia kemisti, akanunua kipimo cha mkojo cha shilingi 50, akapimia kwenye choo cha soko saa tisa mchana. Mstari mmoja. Akakitupa.

Siku ya 41, Jumamosi. Alinunua kingine. Alikitumia alfajiri kama karatasi ilivyoelekeza, lakini malori hayamngoji mtu. Alikiweka kwenye dirisha akaenda zake. Aliporudi saa nne kuchukua magunia alikuta mstari wa pili, mwembamba, wa kijivujivu. Akapiga picha, akamtumia dada yake. Dada akajibu, “Hongera!” Jirani akaitazama picha ile ile akasema hicho ni kivuli tu, apime kwa dawa ya meno. Povu likatoka, na povu likahesabiwa kuwa ndiyo. (Dawa nyingi za meno zina kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, na mkojo huwa na asidi kidogo. Povu hilo hutoka hata kwa mkojo wa mwanamume.) Mama mkwe akafungua kabati, akatoa vidonge vya kuongeza damu vilivyobaki kutoka mimba ya mtoto wa pili. “Anza kumeza, mwanangu. Huyo ni mtoto, anajificha tu.”

Siku ya 43, Jumatatu. Alikuja kwangu. Maneno yake nayakumbuka: “Sista, mimi sijui kama niko au siko.”

Ilikuwa saa nane mchana, foleni ndefu. Mkojo haukutoka, nikamwambia anywe maji. Alikunywa karibu lita nzima, akangoja, akaniletea mkojo mweupe kama maji yenyewe. Nikapima. Mstari mmoja. Nikamuuliza alikuwa anatumia njia gani ya kupanga uzazi, na niliposikia neno “depo” nikaacha kuuliza. “Mama, hiyo ni sindano, bado inatoka mwilini. Kaa mwezi mmoja. Usipoona siku zako, rudi.” Kwenye rejista niliandika neno moja: hasi. Kipimo cha kemisti sikukiandika, wala kile cha dirishani. Aliponionyesha picha kwenye simu niliitupia jicho tu, nikamrudishia.

Siku ya 46. Damu ilitoka. Kidogo, nyeusi inayoelekea rangi ya kahawa, kwa siku tatu. Nyumbani wakasema basi, siku zake hizo zimekuja. Mumewe alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema watajaribu tena.

Siku ya 50, Jumatatu. Mhudumu wa afya ya jamii alifika kwenye ule mzunguko wake wa nyumba kwa nyumba. Wahudumu hawa walipewa simu na mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023, lakini huyu hajaacha daftari lake la mraba. Alikuja kumpima mtoto uzito. Akiwa anaandika, mama mkwe akamsimulia habari ya mimba iliyojificha ikageuka kuwa hedhi. Mhudumu akamgeukia mama mwenyewe na kumuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: “Hiyo damu ilifanana na yako ya siku zote?”

Haikufanana. Na kulikuwa na maumivu upande wa kushoto chini ya tumbo, madogo, ya kuja na kuondoka, ambayo mama alidhani ni ya kunyanyua magunia. Mhudumu akafungua ukurasa mpya, akaanza kumuuliza tarehe moja baada ya nyingine. Hedhi ya mwisho. Kipimo cha kwanza, saa ngapi. Cha pili, kilisomwa baada ya muda gani. Cha tatu, mkojo wa namna gani. Damu ilianza lini, ikaisha lini. Alipomaliza akachana ukurasa akampa. “Kesho asubuhi, kabla ya soko. Usinywe kitu kwanza. Mpe Sista hii.”

Siku ya 51, Jumanne. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Mistari saba ya kalamu ya buluu, na kila kitu nilichopaswa kukiona wiki iliyotangulia kilikuwa pale. Nilipima mkojo wake wa asubuhi. Dakika ya nne, mstari wa pili ulikuwepo, hafifu lakini wa waridi. Presha 112 kwa 70, mapigo 84. Tumbo laini, ila alikunja uso nilipobonyeza kushoto.

Mimba iliyothibitishwa, damu isiyo ya kawaida, maumivu ya upande mmoja. Mambo hayo matatu yakikutana ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata mgonjwa akiwa ametembea mwenyewe kuja. Nilimwandikia barua ya rufaa, nikabandika ukurasa wa mhudumu nyuma yake, nikampigia mumewe simu mama akiwa ameketi mbele yangu.

Hospitalini

Alikaa kwenye benchi kutoka saa nne hadi saa tisa. Hilo silipitii kimya. Mwanamke anayeshukiwa kuwa na mimba nje ya mfuko wa uzazi hapaswi kukaa foleni moja na wenye kikohozi, na barua yangu haikuwa imeandika kwa herufi kubwa kwa nini nina haraka. Niliandika “kwa uchunguzi zaidi”. Maneno hayo hayamshtui mtu.

Skani ya ndani ilionyesha mfuko wa uzazi mtupu. Hakukuwa na damu tumboni, wala kitu cha wazi kwenye mirija. Kipimo cha damu cha kiasi cha homoni ya mimba, hCG, kilifanywa kwenye maabara ya binafsi kwa shilingi 2,000: yuniti 640 kwa lita.

Hapo daktari alikuwa na picha tatu zinazowezekana mbele yake. Huenda ni mimba changa ndani ya mfuko ambayo skani bado haiwezi kuiona, kwa kuwa kwa kawaida kifuko huonekana homoni ikiwa imepita 1,500 na mara nyingine hadi 3,500. Huenda ni mimba iliyokwisha kuharibika na inatoka. Au ni mimba iliyotunga nje. Namba moja haitofautishi hizo tatu. Uamuzi wake ulikuwa kurudia damu baada ya saa 48, na mama akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti: asikae peke yake, asiende sokoni, na akizimia, akipata maumivu makali ya ghafla, au maumivu kwenye ncha ya bega, aletwe wakati huo huo. Maumivu ya bega huwashangaza wengi. Damu ikimwagika tumboni huusumbua msuli wa kupumulia, na mwili huusikia usumbufu huo begani.

Alhamisi, siku ya 53, homoni ilikuwa 810.

Ilipanda, na mama mkwe alifurahi iliposemwa imepanda. Lakini mimba inayokwenda vizuri, ikiwa imeanza chini ya 1,500, hutarajiwa kupanda kwa karibu nusu au zaidi ndani ya saa 48. Yake ingepaswa kufika 950 hivi. Skani ya pili ilionyesha uvimbe mdogo wa sentimita 2 karibu na ovari ya kushoto, bila mapigo ya moyo. Mimba ilikuwa kwenye mrija.

Kulikuwa na njia mbili: upasuaji, au sindano ya methotreksati. Dawa hiyo huzuia kazi ya asidi ya foliki kwenye chembe zinazogawanyika haraka, mimba ikaacha kukua na mwili ukainyonya polepole. Haimfai kila mtu. Mama huyu alikuwa imara, uvimbe ulikuwa mdogo, hakukuwa na mapigo ya moyo, homoni ilikuwa chini sana, na figo, ini na damu yake vilipimwa vikawa sawa. Sharti la mwisho si la maabara: lazima mgonjwa aweze kurudi, tena na tena, kwa wiki kadhaa. Daktari alimuuliza waziwazi kama ataweza nauli na gharama za vipimo. Mume, aliyekuwa amefika usiku kwa basi, ndiye alijibu kwamba wataweza.

Kisha akauliza lake, kwa sauti ya chini: “Daktari, hii si kutoa mimba?”

Nilisimuliwa na wote wawili jibu alilopewa, na ninaliweka hapa kwa sababu swali hilo huwafanya watu wakimbie hospitali. Daktari alimwambia kwamba mrija ni mwembamba kama kalamu, hauna nafasi ya mtoto kukua, na hakuna njia inayojulikana ya kuihamisha mimba hiyo kuipeleka mahali pake. Ikiachwa, inaweza kupasua mrija na mama akafa kwa kuvuja damu. “Mtoto huyu hatuwezi kumwokoa. Mama yake tunaweza.” Mume alikaa kimya, akauliza kama angeweza kumshika mkono mkewe anapodungwa.

Ijumaa, siku ya 54, alidungwa. Kundi lake la damu lilikuwa la chanya, kwa hiyo hakuhitaji sindano ya anti-D, ile wanayopewa wenye kundi la hasi.

Masharti ya nyumbani na usiku wa Jumanne

Masharti ya dawa hii yanagongana na kila kitu ambacho nyumba nzuri ya Nakuru ingemfanyia mama mgonjwa. Mama mkwe alikuwa bado anampa vidonge vya kuongeza damu, na vidonge hivyo vina asidi ya foliki ndani yake: alikuwa akilisha kile ambacho sindano inajaribu kukinyima chakula. Nilikwenda mwenyewe kumweleza. Nilimkuta anapika githeri, na hilo nalo nililazimika kumwomba aliache kwa wiki hiyo, kwa kuwa maharagwe huleta gesi, na tumbo linalouma kwa gesi humchanganya mgonjwa na daktari pamoja. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, hapana, paracetamol, sawa. Jua kali, hapana, na mwanamke huyu kazi yake ni kukaa juani. Asinyanyue gunia. Asilale na mumewe hadi aruhusiwe.

Mama mkwe alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. “Kwa hiyo mimi nilikuwa namdhuru?” Nilimwambia hapana, mama, ulikuwa unamtunza kwa mimba uliyoamini iko mahali pake. Alivichukua vile vidonge akanipa mimi, nikavirudisha kliniki.

Kabla ya kuondoka tulipanga safari ya usiku. Mwendeshaji wa bodaboda anayelala ploti ya pili alikubali simu yake isizimwe. Noti ya shilingi 500 iliwekwa ndani ya kikombe juu ya kabati, na watoto wakaambiwa kikombe hicho hakiguswi.

Kiliguswa Jumanne saa nane usiku. Maumivu yalikuja makali upande ule ule wa kushoto. Maumivu kati ya siku ya tatu na ya saba baada ya sindano hutokea mara nyingi, na mara nyingi ni dalili ya mimba kuachana na mrija. Lakini hakuna mtu, akiwa kitandani saa nane usiku, anayeweza kutofautisha maumivu hayo na ya mrija kupasuka. Walikwenda. Presha ilikuwa sawa, skani haikuonyesha damu, alilazwa kwa uangalizi hadi asubuhi akarudishwa nyumbani. Mwendeshaji wa bodaboda alikataa nauli ya kurudi.

Matokeo

Siku ya nne baada ya sindano homoni ilikuwa imepanda hadi 1,020. Nilikuwa nimeshawaonya kwamba kupanda siku hiyo hakumaanishi dawa imeshindwa. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya siku ya nne na ya saba, ambayo inapaswa kushuka kwa asilimia 15 au zaidi. Siku ya saba ilikuwa 790. Dawa ilikuwa imekamata. Kisha kila wiki: 410, 150, 48, 11, na mwisho chini ya 5.

Vipimo tisa, shilingi 18,000. Chama chake cha sokoni kilimkopesha 10,000 bila riba. Zilizobaki mume alizipata kwa kuomba malipo ya mapema. Mrija wake haukukatwa. Aliambiwa asishike mimba kwa miezi mitatu, na kwa kipindi hicho walichagua kondomu.

Uchambuzi

Nianze na kipimo chenyewe, kwa maana ndicho kilicholaumiwa. Watu walisema vipimo vya siku hizi ni vibovu. Sidhani. Kijikaratasi kile kinajibu swali moja: je, ndani ya mkojo huu, sasa hivi, homoni imefika kiwango ninachoweza kukiona? Kwa vingi vinavyouzwa madukani kiwango hicho ni yuniti 25 kwa lita. Hakijui mkojo ulikuwa wa alfajiri au wa baada ya lita ya maji. Hakijui yai lilitoka lini. Wala hakijui mimba iko wapi.

Siku ya 36 jibu la hasi halikuwa na uzito wowote kwa mwanamke huyu. Mzunguko wake ulikuwa umewahi kufika siku 38. Ukihesabu kwamba yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na mimba hujipachika siku 6 hadi 12 baada ya hapo, homoni ingeweza kuwa haijaanza hata kutengenezwa. “Nimechelewa siku tano” ni maneno ya mwanamke mwenye mzunguko wa saa. Wa mzunguko unaoyumba hana siku ya kuchelewa inayojulikana.

Siku ya 41 kilisomwa baada ya saa kadhaa. Kipimo husomwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 3 hadi 5, na kikipita dakika 10 kinatupwa. Mkojo ukikauka huacha alama ya kijivu pale mstari wa pili unapokaa. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda na wenye rangi, hata kama unabidi kuusogeza dirishani kuuona, huo tuuchukue kuwa ndiyo hadi ithibitishwe vingine. Ule wa dirishani haukuwa ndiyo wala hapana. Ulikuwa sababu ya kupima tena kesho yake asubuhi, na hakuna aliyemwambia hivyo, kwa kuwa kila aliyeiona picha alishachagua upande.

Siku ya 43 ni yangu. Makosa yalikuwa matatu, na moja lilizaa jingine. Nilimpa maji yaliyouzimua mkojo. Nilipima mchana badala ya kumwambia arudi asubuhi na chupa. Na lililo kubwa, nilikuwa na jibu mfukoni kabla ya kumsikiliza. Sindano ya miezi mitatu kweli huchelewesha uzazi kurudi. Kwa wastani huchukua kama miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshaona siku zake mara nne mfululizo. Ovari zilikuwa zimeamka. Ningemuuliza swali moja tu, “tangu uache umeona siku zako mara ngapi?”, maelezo yangu ya sindano yangeanguka pale pale. Sikuuliza. Sindano imekuwa kwetu wauguzi kisingizio chepesi mno kwa kila mwanamke aliyekosa siku zake, na nasema hivi nikijua ni wangapi nimewajibu hivyo kwa miaka.

Damu ya siku ya 46 iliongeza hatari kwa sababu ilituliza watu. Mwanamke aliyepitisha siku kisha akatokwa na damu kidogo, ya rangi nyingine, kwa muda mfupi kuliko kawaida yake, hajathibitisha kwamba hana mimba. Angeweza pia kuangukia mikono ya mtu wa kumuuzia vidonge vya kuteremsha hedhi; biashara hiyo ipo. Tangu hapo siulizi “umeona damu?” Nauliza kama mhudumu alivyouliza.

Kuhusu mhudumu: hakuwa na kipimo ambacho sisi hatukuwa nacho. Alikuwa na ukurasa mmoja. Mama peke yake aliuona mstari wa siku ya 36, dada na jirani wakauona wa siku ya 41, mimi nikauona wa siku ya 43. Kila mmoja alijibu kwa alichokiona, na majibu yakagombana. Yalipoandikwa kwa mfuatano, pamoja na saa na aina ya mkojo, hayakugombana hata kidogo. Yalisema jambo moja: huenda kuna homoni, na kama ipo ni kidogo na inapanda kwa uvivu.

Hospitali iliamua vizuri kurudia damu badala ya kusema “skani haina kitu, rudi mwezi ujao”, na iliamua vizuri kumuuliza juu ya nauli kabla ya kuchagua dawa. Kwa mwanamke wa mbali zaidi, asiye na chama wala bodaboda, upasuaji ungeweza kuwa uamuzi wa huruma zaidi. Na niongeze tahadhari: namba ikipanda vizuri haiondoi kabisa mimba ya nje. Baadhi yake hupanda kama kawaida mwanzoni. Vilevile karibu nusu ya wanawake wanaopata mimba ya nje hawana historia yoyote ya kuwatahadharisha, kwa hiyo yale maambukizi ya nyonga yalikuwa ishara nzuri kuijua, lakini kutokuwepo kwake kusingemsafisha.

Si kila hedhi iliyokosekana inaishia huku. Kati ya mimba 100, moja au mbili ndizo hutunga nje. Wengi wanaokuja na mistari inayobishana wana mimba changa tu, au mimba iliyoharibika mapema kabisa, au hawana mimba na sababu ni nyingine: kunyonyesha, tezi ya shingo, homoni ya maziwa kuzidi, ovari zenye vifuko vingi, kupungua uzito ghafla, umri wa kukaribia kukoma hedhi. Asiyeona siku zake kwa miezi mitatu na vipimo vya asubuhi vikabaki hasi, achunguzwe hayo; asiambiwe akae angoje.

Jambo moja halimo kwenye fomu yoyote. Kwa wiki sita tulishangilia namba kushuka. Siku ilipofika chini ya 5 nilimpigia simu kwa furaha, na yeye akasema, “Asante, Sista,” akanyamaza, kisha akauliza, “Kwa hiyo sasa hayupo kabisa?” Hakuna aliyekuwa amempa pole. Sisi tulikuwa tumeokoa mrija. Yeye alikuwa amepoteza mtoto aliyemtafuta, mtoto ambaye hadi siku ya 51 sisi wa kliniki hatukukubali hata kwamba yupo. Siku ya pili yake nilikwenda kwake, nikakaa, nikampa pole. Mama mkwe alitengeneza chai ya maziwa, na tukaongea habari za huyo aliyeondoka kama watu wanavyoongea msibani.

Kilichobadilika kwetu

Rejista yetu ina safu nne mpya zilizochorwa kwa rula: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, vipimo vya awali na tarehe zake, saa ya mkojo, na tarehe ya kurudi. Neno “hasi” haliandikwi tena peke yake kwa mwanamke aliyekosa siku. Akiwa hana maumivu wala damu, anapewa chupa na tarehe, saa 48 hadi wiki moja mbele, aje asubuhi. Akiwa na maumivu au damu hangoji tarehe, na barua yake ya rufaa inasema juu kabisa, kwa herufi kubwa: SHUKU MIMBA NJE YA MFUKO WA UZAZI.

Miezi mitano baadaye mama alipita kliniki akitoka sokoni, kofia pana kichwani. Alikuwa amenunua daftari la mraba, la kwake. Hedhi tatu zilikuwa zimeandikwa, mapengo ya siku 33 na 32. Tulikaa tukaandika kwenye kadi yake, yeye akisoma kila neno: akikosa siku zake aje asubuhi, apimwe damu mara mbili, apigwe skani wiki ya sita hadi ya saba bila kungoja dalili yoyote. Akaikunja kadi, akaiweka katikati ya daftari, akaenda kupanda matatu.